Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Chausiku binti Selemani alikuwa akiuza supu nje ya machinjio ya Vingunguti, na wachinjaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkaguzi wa nyama. Aliyemletea kwato zenye manyoya alirushiwa mwenyewe kifuani. Aliyelalamika kwamba chumvi imezidi aliambiwa akalilie kwao, machozi nayo yana chumvi. Supu aliitoa kwenye vikombe vya bati, na kibandani pake palikuwa na mtindo mmoja: aliyeshiba alikifudikiza kikombe chake juu ya benchi. Usipokifudikiza, unaongezwa, na nyongeza huipati bila kusemwa tumbo lako mpaka babu yako.

Mume alikuwa naye zamani, akaenda zake. Mtoto hakujaliwa. Kitu alichokuwa nacho duniani ni chumba kimoja, chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yake, chenye dirisha linalotazama barabara. Mama alifia humo, na kabla ya kufa alimwambia Marijani, mdogo wake Chausiku wa kiume, "Nyumba ni yako, lakini dada yako asitolewe humu." Marijani akaitikia ndiyo, mama. Kuitikia hakuna kazi.

Mke wa Marijani alikuwa Munira, mwanamke mweupe, mwembamba, mwenye kucha nyekundu za rangi ya Dubai, ile iliyojaa madukani siku hizi tangu milango ya biashara ifunguliwe. Kila asubuhi alimwamkia Chausiku, "Shikamoo wifi," naye akajibiwa marahaba. Kati ya shikamoo na marahaba mlikuwa na wembe, lakini heshima ilikuwepo.

Sasa Marijani alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Alikuwa akiifunga na khanga na kuificha kama mali ya wizi. Siku ilipombana akapiga magoti sokoni, akapelekwa hospitali, na hospitali ikasema: apasuliwe, ndugu walete damu.

Munira akasema, "Mie damu yangu nyepesi, nikitoa nazimia."

"Damu nyepesi, ulimi mzito," Chausiku akamjibu. Akavua ushungi wake wa kazini, akaenda kujipanga foleni. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, aliwaburuta na wachinjaji wawili, wakalala vitandani wakitazama dari, wao ambao kila siku huangusha ng'ombe.

Damu ya wachinjaji ndiyo aliyowekewa Marijani. Ya Chausiku haikutumika. Munira alikuwa amesimama karibu na dirisha la maabara, akasikia mtu ndani akisema, "Hii ya Chausiku Selemani itupwe." Hakungoja kusikia la pili. Wakati Chausiku anaitwa chumbani kwa sista, wifi yake alikuwa ameshafika Vingunguti, na habari ilikuwa imeshapita nyumba ya kwanza.

Sista Apolonia alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa plasta, asiyetishika.

"Kaa, mama."

"Nikikaa ndiyo nitasikia vizuri? Sema."

"Damu yako hatukumpa kaka yako. Tumeipima. Ukimwi huna. Kaswende huna. Ila umeonekana na kirusi cha homa ya ini, ile iitwayo B."

"Rudia ile ya kwanza."

"Ukimwi huna."

"Ungeniandika hilo kwenye paji la uso, maana huko nje nimeshazikwa."

Sista akakaa yeye. "Mtaani kwenu mna sungusungu wa kulinda usiku?"

"Wapo. Wanalala kuliko sie."

"Basi nisikilize. Hiki kirusi ni mwizi, na nyumba anayoingia ni ini lako. Kipimo tulichofanya kinatafuta kanzu ya mwizi, yaani ganda lake la nje. Tumeiona kanzu. Maana yake mwizi yumo ndani leo hii. Kipimo hakisemi kaingia lini, wala hakisemi kavunja nini. Kinasema yumo, na damu yako ikiingia kwa mtu mwingine, mwizi kapata mlango."

"Anatoka?"

"Kwa mtu mzima, mara nyingi sungusungu wa mwilini humtoa wenyewe. Ndiyo maana utarudi baada ya miezi sita. Kama kanzu itakuwa haipo, tutawatafuta sungusungu: ni kipimo cha pili, kipimo cha kinga. Wakiwepo hao na kanzu haipo, umepona. Humwambukizi mtu na hakurudii. Lakini miezi sita ikipita na kanzu bado ipo, mwizi amegeuka mpangaji. Utaishi naye, pengine miaka bila kuumwa, ila ini lichunguzwe kila mara, maana anaweza kulila pole pole."

"Kuna la tatu?"

"Lipo. Nyayo. Kipimo cha tatu kinatafuta nyayo za mwizi, na hizo huwa hazifutiki. Nyayo pamoja na sungusungu, huyo ni mtu aliyeugua akapona. Sungusungu bila nyayo, huyo alichanjwa. Asiye na kanzu, wala sungusungu, wala nyayo, hajawahi kukutana na mwizi kabisa, na huyo ndiye wa kuchanjwa. Chanjo ipo mjini, kwa wenye nazo."

Chausiku alikuwa ameishia darasa la nne, lakini hesabu ya nani yumo ndani na nani katoka ilimwingia.

"Kaniingiaje?"

"Kwa damu. Kwa kulala na mwanamume. Mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Kwa sindano iliyotumika, kwa wembe. Ulichanjwa chale karibuni?"

Chausiku akamkumbuka fundi mmoja wa Maneromango, mganga wa kienyeji aliyemtibu kiuno baada ya mfungo, akamchanja mgongoni kwa wembe aliokuja nao mfukoni. Akauliza la maana.

"Na supu yangu?"

"Unaichemsha?"

"Mpaka mfupa unaomba radhi."

"Hata usipochemsha. Hakipiti kwenye chakula, wala kikombe, wala sahani, wala kupeana mkono. Uza supu yako. Ila wembe wako uwe wako, na damu yako usimpe mtu."

Akatoka pale akiwa na maelezo yaliyonyooka kama uzi. Mtu aliyenyookewa na maelezo hudhani na wenzake watanyookewa. Huo ndio ulikuwa ujinga wake.

Marijani aliporudi na mshono wake, Chausiku aliwakusanya uani: Marijani kwenye mkeka, Munira kwenye kinu, na mpangaji wao Leodegar, karani wa bandari kutoka bara, aliyekaa na mkewe na vitu vyao vyote katika chumba kimoja cha nyuma. Akawaeleza mwizi, kanzu, sungusungu, nyayo. Akaeleza vizuri kuliko sista, maana aliongeza na matusi.

Munira akamwacha amalize. Kisha akasema, "Ini. Mtu damu yake imemwagwa kama maji ya dagaa, anatuletea habari ya ini."

"Ukimwi nimepimwa sina."

"Kwani kuna aliyeutaja, wifi? Mbona unautaja wewe?"

Marijani alikuwa akitazama mshono wake. "Dada, kila anayekanyaga miwaya akaupata ugonjwa huo huanza na hadithi. Mmoja malaria, mwingine kifua. Wewe umepata ini."

"Wewe umetembea na damu ya wachinjaji niliowaleta mimi, Marijani."

"Nashukuru. Na nashukuru zaidi hawakunipa yako."

Jioni Leodegar alimfuata kibarazani, akazungumza huku anatazama pembeni kama anayenunua kitu kibaya. "Dada Chausiku, unayosema ni kweli. Nimeyasoma mahali. Kikombe hakiambukizi."

"Basi kayaseme uani."

"Mie mpangaji tu. Siingilii mambo ya familia." Akalitazama dirisha la chumba cha mbele, jinsi upepo unavyoingia. "Chumba chako kina hewa sana," akasema, akaenda zake.

Kesho yake Munira alikitenga kikombe cha Chausiku. Ili kisichanganyike na vingine alikipindua, akakipaka kitakoni duara la rangi ya kucha, nyekundu, akalipuliza likauke. Sahani akaipaka vilevile. Shikamoo ikageuka "habari za huko." Watoto wa Marijani, waliokuwa wakilala kwa shangazi yao kila kunyeshapo mvua, wakaambiwa shangazi anauma. Mdogo wao, Nusaiba, aliamini anauma kwa meno, akawa anamchungulia mlangoni kuona kama kweli.

Machinjioni habari ilifika kwa miguu minne. Mchinjaji wa kwanza alisema, "Mama Supu, leo nimefunga," na Ramadhani ilikuwa bado. Wa pili alileta kikombe chake kutoka nyumbani. Wa tatu, yule yule aliyelazwa naye kitanda cha pili kutoa damu, alipita upande wa pili wa barabara. Watu wanaosimama ndani ya damu mpaka kwenye vifundo, wenye mikono inayokatwakatwa kila siku kwa visu vya kuazimana, wao waliogopa kikombe cha bati. Sufuria ikawa inamwagwa mtaroni. Mbwa wa Vingunguti hawajawahi kunenepa kama mwaka ule.

Mshono wa Marijani ulichelewa kufunga, ukatoa usaha. Hospitali walimwambia anabeba magunia mapema. Munira alisema nyumba imeingiliwa. Akaenda Maneromango, akarudi na fundi. Fundi yule yule.

Alikuja asubuhi ya Jumapili, watu wote wakiwa nyumbani. Akatandika kaniki uani, akaweka kifuko cha dawa nyeusi ya unga, na juu yake wembe mmoja.

Inafaa kusema habari ya wembe. Miaka ile ya shida, wembe ulikuwa wa kupangia foleni. Wembe mmoja ulinyoa nyumba nzima: baba ndevu, mtoto nywele za arobaini, bibi kucha, kisha ukanolewa kwenye glasi ukarudi tena kwa baba. Siku hizi nyembe zinauzwa kila genge, lakini mazoea hayajui kwamba maduka yamejaa. Na waganga wakayafanya mazoea kuwa dawa.

"Nyumba moja, chuma kimoja," fundi alisema. "Ukibadilisha chuma, nyumba inabaki wazi. Tunaanza na mwenye nuksi, ili nuksi itangulie kutoka. Kisha mgonjwa. Kisha mama, watoto, wapangaji."

Wote wakamtazama Chausiku.

Wiki nzima hawakumruhusu aguse ndoo ya maji. Khanga zake zilianikwa peke yake kwenye waya wa mwisho. Sasa wanataka wembe upite kwenye mwili wake, ukitoka hapo uingie kwao, mmoja mmoja, mpaka kwa Nusaiba.

"Fundi," Chausiku alisema, "nichanje mimi na wembe wangu, na kila mtu wake. Ninao hapa pakiti nzima." Akaitoa kwenye pindo la khanga. Alishaisikia habari tangu juzi, akajiandaa.

Fundi akacheka. "Mgonjwa anamchagulia mganga chuma."

"Kirusi kinapita kwenye damu. Nimewaeleza. Kikombe hakina neno, wembe ndio wenye neno. Nyie mmeligeuza jambo kichwa chini."

"Wifi, hutaki kuchanjwa sema hutaki," Munira akasema. "Asiyetaka nyumba ifungwe ndiye anayeingilia mlangoni."

"Leodegar," Chausiku akaita. "Sema ulichoniambia."

Leodegar alivitazama viatu vyake, akaona vumbi, akalifuta. "Sina la kusema, dada. Mila ni mila."

Marijani akanyoosha mguu kwa maumivu. Hakupandisha sauti. "Dada, kubali yaishe. Ukikubali, unakaa. Ukikataa, unatoka."

"Chumba ni cha mama."

"Mama hakujua utakuja kuwa nani."

Chausiku aliona vizuri mambo yalivyokaa. Alichotakiwa kufanya ni kufungua kifua na kunyamaza. Mikato miwili, dawa ikipakwa, chumba ni chake mpaka kifo. Na mwizi angewaingia wote mle uani kwa ridhaa yao, kwa furaha yao, kwa gharama yao wenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu, maana lawama zote zilikuwa kwenye kikombe. Haikuwa dhambi hata. Wao ndio walioomba. Akamtazama Munira aliyemtenga, akamtazama Leodegar. Kwa hao wawili roho haikumuuma hata kidogo. Kisha akamwona Nusaiba amekaa kwenye ndoo, kifua wazi tayari, mifupa ya bega kama ya kifaranga, anamtazama shangazi meno.

"Nipe nikishike chuma kwanza," akamwambia fundi.

Fundi akampa, akidhani ni adabu. Chausiku akauvunja wembe vipande viwili, akatembea hadi chooni, akavitumbukiza shimoni.

Alipotoka, fundi alikuwa ameshawageukia wenye nyumba.

"Mmeona wenyewe," fundi akasema. "Mimi sikutaja jina la mtu."

Hakuna aliyempiga. Walitoa vitu tu. Godoro, sanduku, sufuria za supu, picha ya mama. Munira alivibeba kwa kitambaa ili visimguse mkononi, na Leodegar, asiyeingilia mambo ya familia, alisaidia kitanda maana kilikuwa kizito. Cha mwisho kilikuwa kikombe. Kikarushwa mpaka barabarani, kikabonyea ubavu, duara jekundu juu.

Chausiku alikuwa akifunga godoro kwenye mkokoteni aliposikia mtoto analia uani. Fundi alikuwa ametoa wembe mwingine mfukoni, uliofungwa kwenye karatasi ya sigara, wenye kutu pembeni. Chuma kimoja, nyumba moja. Ulikuwa umepita nyumba ngapi kabla ya hiyo, anajua Mungu. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aligonga, akagonga. Wakaongeza sauti ya dua.

Akahamia Buguruni, chumba cha nyuma kinachonusa mafuta taa, akafungua kibanda cha supu karibu na soko. Kule hakujulikana, kwa hiyo alipendwa. Miezi sita ilipotimia alirudi kwa Sista Apolonia.

"Kanzu haipo," sista akamwambia. "Na sungusungu wapo, wengi, na marungu yao. Umepona, mama. Humwambukizi mtu nawe huambukizwi tena."

Kwa mara ya kwanza tangu yaanze, Chausiku alikaa bila kuambiwa. Kisha akavaa khanga mpya, akaenda moja kwa moja Vingunguti. Alikuwa na akili zake zote, lakini tumaini likimwingia mtu halimuulizi darasa.

Dirishani kwake palikuwa na pazia la maua. Mke wa Leodegar alichungulia, akalivuta. Marijani alikuwa kibarazani, amekonda kidogo, ngiri imekwisha.

"Nimepona," Chausiku akasema. "Hospitali wamepima. Mwizi hayumo."

Munira akatokea mlangoni. Aliuegemea mlango kama mtu aliyechoka asubuhi. "Umepona?"

"Nimepona."

"Ugonjwa ule haupotei hivihivi. Umemwachia nani?"

Chausiku akamgeukia mdogo wake. Marijani alikuwa akichokonoa kucha. "Chumba kimeshapangishwa, dada. Wamelipa mbele." Kisha akaongeza, kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, "Na umeona mwenyewe. Tulipokutoa tu, ukapona. Fundi alisema."

Hakwenda tena.

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja, benchi la Buguruni likiwa limejaa, mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka puani alikaa pembeni akaomba supu kwa sauti ndogo. Chausiku aliutambua mkono kabla ya uso. Kucha zilikuwa na mabaki ya wekundu. Macho, mtandio uliposhuka, yalikuwa ya njano kama binzari.

Munira naye akamtambua, lakini alikuwa amechoka mno hata kuinuka. "Natoka kwa fundi mwingine huku Buguruni," akasema. "Yule wa Maneromango amesema ni jini. Chakula hakipiti. Nipe ya moto tu ninywe, wifi. Shikamoo."

"Marahaba."

Chausiku akamtilia. Vikombe vyote vilikuwa mikononi mwa watu, kikabaki kimoja, chenye ubavu uliobonyea, ambacho alikuwa akikinywea mwenyewe. Munira akanywa mpaka tone la mwisho, jasho likamtoka, ukamjia uhai kidogo usoni. Kisha, kama desturi ya kibanda ilivyo, akakifudikiza kikombe juu ya benchi.

Duara jekundu likamtazama.

Alikaa akilitazama, mkono ukiwa mdomoni. Watu wa pembeni waliendelea kula. "Wifi," akasema mwishowe. "Nimekinywea hiki. Kina nini hiki?"

Chausiku alikuwa na maneno mawili kwenye ulimi. La kwanza: kikombe hakiambukizi. La pili: sista bado yupo, nenda ukapimwe, mpeleke na Nusaiba. Yote mawili alishayasema, kwa mtiririko, uani, mbele ya watu, akachekwa. Yalikuwa tayari, yamenyooka kama uzi, hayahitaji hata kuvuta pumzi.

Akachukua kikombe, akakisuuza kwenye beseni, akakijaza supu ya mteja mwingine.

"Kina rangi ya kucha," akasema. "Yako."